Taa juu ya gridi ya mabomba: kisa cha studio ndogo ya picha Dodoma

Kisa hiki ni cha studio ya picha ya chumba kimoja, Dodoma mjini. Jina la studio, mtaa na mafundi waliohusika vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyochukuliwa, kwa sababu ndivyo vyenye faida kwa anayetaka kufunga taa za namna hii.

Chumba na shida yake

Kutoka plasta hadi plasta, chumba kina upana wa mita 3.9 na urefu wa mita 5.9. Dari ni ya jipsamu, mita 3.0 juu ya sakafu. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6, na lenta ya zege inazunguka chumba chote kwenye kimo cha mita 2.2. Juu ya lenta kuna kozi chache za tofali, halafu kenchi za mbao na bati.

Asubuhi kazi kubwa ni picha za pasipoti na vitambulisho. Wikendi ni familia na watoto. Msimu wa mahafali ya vyuo ukifika, wahitimu huja na majoho wakiwa makundi makundi, na hapo ndipo chumba kilipokuwa kidogo. Studio ilikuwa na taa nne, zote kwenye stendi. Stendi inayobeba softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 90 hutanua miguu karibu mita moja. Ukiweka tatu mbele ya mteja, zimekula njia. Pindo za majoho zilinasa kwenye miguu, watoto walivuta nyaya, na siku moja fleshi ilianguka na kuvunjika kioo. Taa ya nywele, ile inayopiga kutoka nyuma na juu ili kichwa kisizame kwenye pazia jeusi, haikuwezekana kabisa, kwani stendi yake ilionekana kwenye picha.

Mwenye studio akaamua taa zote zihamie juu, kwenye mabomba, ziweze kusogezwa mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kushuka kila inapotakiwa.

Jaribio la kwanza

Fundi wa kwanza alitumia mabomba ya fanicha, yale yanayotengenezewa vitanda na viti vya shule: kipenyo cha nje milimita 38, unene milimita 1.5. Mawili yalikatiza chumba kwa upana. Kila bomba lilining'inizwa kwa ncha zake mbili tu, zilizo mbali mita 3.8, kwa vyuma vyembamba vya thredi vilivyoshikwa na ndoano za skrubu. Ndoano zilizama kwenye mbao za 2 kwa 2 zinazoshikilia jipsamu. Mabomba yakapakwa rangi nyeupe ya mafuta, ya kung'aa, yafanane na dari.

Ikapandishwa taa ya kwanza. Fleshi ilikuwa na kilo 2.5, softiboksi na pete yake kilo 1.3, mkono wa mkasi wa kushusha na kupandisha kilo 4.3, na klampu ilibakisha kidogo kufikisha kilo 9 kamili. Ilifungwa katikati ya bomba. Uzi uliovutwa kutoka ncha hadi ncha ulionyesha kwamba katikati bomba limebonyea milimita 25.

Siku ya tatu yalionekana mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, ufa mwembamba ulifuata kiungo cha jipsamu karibu na ndoano mojawapo. Pili, ndoano hiyo ilikuwa imetoka milimita 4. Thredi mbili zilizokuwa ndani ya mbao sasa ziling'aa nje. Tatu, softiboksi iliyoachwa ikitazama kiti cha mteja ilikutwa inatazama sakafu. Klampu ilipofunguliwa, chini ya taya zake rangi ilikuwa imekunjamana kama ganda la ndizi, na bomba chini yake halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Klampu ilikuwa imeshika rangi, haijashika chuma.

Kusimamisha kazi

Taa zilishushwa mchana huo huo, na wateja wa kesho yake wakapigwa picha kwa stendi za zamani. Ulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote katika kisa hiki. Ndoano iliyotoka milimita 4 imeshakata nyuzi za mbao inazozishikilia. Ukiizungusha irudi ndani itaonekana imekaza, lakini imeshika unga wa mbao. Chini ya taa hiyo huketi mtoto anayepigwa picha ya kitambulisho.

Fundi wa pili, aliyezoea skafodi za majengo, alipanda ngazi, akafunua kipande kimoja cha dari, akashuka. Alimwambia mwenye studio maneno machache: "Mama, dari haibebi kitu. Dari inafunika tu."

Njia tatu zilizopimwa

Njia ya kwanza ilikuwa kupita dari na kuning'iniza gridi kwenye kenchi. Ilikataliwa. Ubao wa chini wa kenchi umekusudiwa kufunga miguu ya kenchi isitanuke na kubeba dari nyepesi, na viungo vyake ni vya misumari. Bati likisukumwa na upepo wa kiangazi, kenchi hutikisika, na mtikisiko huo ungeshuka hadi kwenye taa. Isitoshe, mchwa wa Dodoma hauna haja ya kutambulishwa. Mbao za juu ya dari hazikaguliwi na mtu kwa miaka, na huwezi kutundika mzigo juu ya vichwa vya watu kwenye mbao usizoziona.

Njia ya pili, kufunga mabomba kwenye ukuta kwa rawobolti (bolti zinazotanuka ndani ya tundu) juu ya lenta. Nayo ilikataliwa, baada ya jaribio la tundu moja. Drili ilizama ndani ya tofali kama inaingia kwenye sukari, na unga uliotoka ulikuwa mchanga mtupu. Tofali la saruji kidogo haliishiki rawobolti. Linavunjika ndani kadiri unavyokaza. Lenta yenyewe ni zege imara, ila iko mita 2.2. Gridi kwenye kimo hicho, taa zikining'inia chini yake, ingegonga vichwa.

Njia ya tatu ndiyo iliyochukuliwa: gridi isimame kwa miguu yake. Nguzo zinasimama sakafuni, zinaegama ukutani, zinafungwa kwenye lenta ili zisiyumbe, kisha zinapita lenta hadi mita 2.65. Uzito wote unashuka kwenye sakafu. Lenta haibebi uzito, inazuia kuyumba tu, na kwa kazi hiyo zege lake linatosha na kubaki.

Vifaa

Yalinunuliwa mabomba ya maji ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi moja na nusu, unene milimita 3.2, manane, kila moja mita 6. Kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, sawasawa na bomba la skafodi, na hilo lina maana kubwa: klampu za skafodi zinaingia bila kulazimisha, na klampu nyingi za taa za studio na jukwaa zimetengenezwa kwa kipimo hicho hicho. Mtu akinunua bomba la inchi mbili, ambalo nje ni milimita 60.3, atakuta klampu nyingi hazifungi. La inchi moja, milimita 33.7, litashikwa na baadhi ya klampu na kwenye nyingine litacheza.

Mgawanyo wake ulikuwa huu:

- Mabomba mawili yakawa ya pembeni, mita 5.8 kila moja, bila kiungo.
- Matatu yalitoa ya kukatiza chumba, mita 3.8 kila moja. Vipande vitatu vya mita 2.2 vilivyobaki vikawa mabomba mafupi ya kuunganisha ya kukatiza, kwa ajili ya taa ya nywele na ya pazia.
- Matatu yalitoa nguzo sita za mita 2.65.

Klampu za skafodi zilikuwa 24, zote za pembe mraba, kila moja kama kilo moja. Tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi haujasimama, kwa hiyo bomba na klampu za skafodi hazihitaji kusafirishwa kutoka Dar es Salaam.

Kusimamisha gridi

Kila nguzo ilichomelewa kitako cha bamba la sentimita 15 kwa 15, unene milimita 6, chenye matundu manne. Kuchomelea GI kunataka uangalifu: zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa, kwa hiyo fundi alisaga zinki sehemu ya kiungo kwanza na akachomelea nje, upepo ukimpiga mgongoni.

Nguzo zilipangwa tatu kila upande: mbili karibu na pembe na moja katikati, ili bomba la pembeni lisivuke zaidi ya mita 2.7 bila kushikwa. Zilisimamishwa kwa pimamaji pande mbili, kitako kikafungwa sakafuni, kisha kila nguzo ikazungushiwa mkanda wa chuma cha bapa cha milimita 40 kwa 5, uliofungwa kwenye lenta kwa rawobolti mbili za M10. Tundu lilichimbwa sentimita moja zaidi ya kina cha bolti, na likapulizwa mpaka vumbi likaisha. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ni kosa: bolti ikitanuka juu ya vumbi inateleza, nawe unadhani umekaza. Mahali pawili drili iligota kwenye nondo ya lenta. Tundu lilisogezwa sentimita 5, nondo haikukatwa.

Mabomba ya pembeni yalifungwa upande wa ndani wa nguzo, na chini ya kila klampu ikafungwa klampu ya pili kwenye nguzo, imegusana na ya juu. Ya juu ikilegea, ya chini inaipokea. Mabomba ya kukatiza yaliwekwa juu ya yale ya pembeni, si chini yake. Hapa hapana mjadala: bomba lililolala juu ya lingine, klampu ikilegea, litabaki limelala. Lililofungwa chini litaanguka. Nati zote zilikazwa kwa spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutonimita 50, kipimo cha kawaida cha klampu hizi.

Hesabu ya uzito ilifanywa kabla ya kupandisha kitu. Mabomba ya juu ni kilo 3.56 kwa mita, jumla kilo 105. Klampu kilo 24. Taa zote nne na mikono yake kilo 28. Ni kilo 157 kwa nguzo sita, wastani wa kilo 26 kwa nguzo, mbali na uzito wa nguzo yenyewe. Mtu mzima mmoja akisimama sakafuni ni mzito kuliko hapo.

Mabomba yalipulizwa rangi nyeusi isiyong'aa, koti moja jembamba la kopo la kupuliza. Rangi nyeupe ya awali ilikuwa na ubaya wa pili mbali na kuteleza: ilirudisha mwanga chini na kuonekana kama mstari kwenye miwani ya wateja. Sehemu zinazokaliwa na klampu za skafodi ziliachwa chuma kitupu.

Umeme

Gridi ya chuma yenye nyaya juu yake lazima iwe na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wa milimita za mraba 6 ulitoka kwenye gridi hadi kwenye ubao wa umeme, umekazwa kwenye chuma kilichokwanguliwa. Soketi sita zilifungwa kando ya bomba la pembeni kwa waya wa milimita za mraba 2.5, nyuma ya breka ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Ekstensheni za plastiki zilizokuwa zikining'inia ziliondolewa zote. Waya wa taa ulifuata mkono wa mkasi, ukafungwa kila kiungo na kuachiwa nafasi ya kujikunja. Bila nafasi hiyo, mkono ukifunguka waya ndio unaobeba taa.

Kupandisha taa

Kila taa ilipata kamba ya waya wa chuma ya milimita 4 yenye karabina (pete ya chuma inayofunguka na kujifunga). Inazunguka bomba la gridi na kupita kwenye mwili wa fleshi, imekatwa fupi kiasi kwamba klampu ikiachia, taa haishuki zaidi ya sentimita 15 ndipo ishikwe. Taa iliyo kwenye mkono wa mkasi ina mbili: moja inashika mkono kwenye bomba, nyingine inashika fleshi kwenye ncha ya mkono. Kamba za nailoni na tai za plastiki hazikukubaliwa. Joto la juu ya chumba huzichosha.

Mkono wa mkasi una springi zinazosawazisha uzito wa taa, na springi hizo ni hatari upande ambao wengi hawautazamii. Taa ikiondolewa mkono ukiwa umeshuka, springi hazina tena cha kusawazisha, na mkono hufyatuka juu kwa nguvu ya kuvunja kidole. Utaratibu uliobandikwa ukutani ni huu: pandisha mkono mpaka mwisho, funga kufuli lake, ndipo ufungue taa. Kufunga taa mpya ni kinyume chake, na kufuli hutolewa mwisho.

Softiboksi huvuta fleshi kwa mbele, hivyo kifundo cha kuelekezea taa hulegea polepole. Ilisaidia kusogeza fleshi nyuma kwenye mabano yake mpaka ikakaa sawa kabla ya kukaza.

Matokeo

Taa ile ile ya kilo 9, katikati ya bomba la kukatiza, ilibonyeza milimita 8. Softiboksi iliyoelekezwa Jumatatu ilikutwa Jumamosi palepale. Sakafu ilibaki na kiti cha mteja tu, na kundi la wahitimu watano liliweza kusimama bila joho kunasa popote.

Kwenye mabomba zilichorwa alama za tepu: P kwa pasipoti, F kwa familia, M kwa mahafali. Alama hizi zina kazi zaidi ya kuharakisha. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikisogea kutoka mita 1.2 hadi mita 1.7, unabaki nusu. Mtu akikisia kwa jicho, sura ya mteja wa asubuhi na ya mchana hazitalingana. Akiweka klampu kwenye alama, mpangilio wa kamera haubadiliki.

Kwa mahafali kulikuwa na somo la pekee. Kofia bapa ya mhitimu hutupa kivuli machoni taa ikiwa juu. Alama ya M ina maandishi ya ziada: mkono ushuke mpaka katikati ya softiboksi iwe usawa wa paji la uso.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichookoa kazi hii ni kuuliza uzito unakwenda wapi mpaka ufike ardhini. Katika jaribio la kwanza ulipita kwenye skrubu, ukaingia kwenye ubao mwembamba, ukaishia kwenye misumari. Katika la pili unapita chuma kwa chuma hadi sakafuni, na kila kiungo kinaonekana kwa macho na kufikiwa kwa spana.

Bomba nalo lilihesabika. La milimita 48.3 lina ukakamavu mara nne wa lile la 38 lenye ukuta mwembamba. Halikupunguza bonyeo hadi robo kamili kwa sababu lenyewe ni zito zaidi, karibu nusu ya zile milimita 8 ni uzito wake. Anayetaka kupunguza zaidi asikimbilie bomba nene, afupishe umbali. Kwa mzigo wa katikati, nusu ya umbali hutoa sehemu moja ya nane ya bonyeo. Ndiyo maana taa nzito ya familia baadaye ilihamia kwenye kipande cha mita 2.2.

Uchambuzi: kilichokwama

Mikono ya mkasi ilinunuliwa mitatu, ikatumika miwili. Mkono uliokunjwa kabisa bado unachukua sentimita 45 na kichwa cha fleshi sentimita 15. Kutoka kwenye gridi, taa ya nywele ingekaa kimo cha mita 2.05, ikaingia kwenye picha ya kila mtu aliyesimama. Ilibadilishwa kwa kijiti kifupi cha sentimita 20 kwenye klampu ya kawaida. Kwa dari ya mita 3, hesabu hii ifanywe kwa futikamba kabla ya kulipa.

Kosa la pili lilikuwa grisi. Ili klampu za taa ziteleze kirahisi, mabomba yalipakwa grisi kidogo. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Ndani ya wiki mbili vumbi jekundu lilikuwa limeganda nayo, ukigusa unapata tope la kusagia, na klampu zikaanza kukwama na kuchubua rangi. Grisi ilisafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, dirisha likiwa wazi na umeme umezimwa. Sasa mabomba yanafutwa makavu kila Jumatatu, na migongo ya softiboksi pia.

La tatu ni joto. Chini ya bati, saa nane mchana, hewa ya kimo cha gridi ni ya moto kuliko ya kwenye kiti. Fleshi mbili zilijizima zenyewe katikati ya kazi, jambo ambalo chini kwenye stendi halikuwa likitokea. Taa ndogo za kuangalizia zilizomo ndani ya fleshi sasa zinawashwa wakati wa kupanga tu, na makundi makubwa hupangiwa asubuhi.

Ukaguzi wa klampu ulipangwa baada ya wiki moja, baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu. Katika ule wa kwanza, nati mbili katika klampu hizo 24 zilizunguka kabla ya kufika nyutonimita 50. Zote zilikuwa upande wa mlango, ambako ngazi ilikuwa ikiegemezwa kwenye bomba. Imenunuliwa ngazi ya miguu minne, na bomba la mlangoni limezungushiwa tepu nyekundu.